Mapacha wangu: tumbo moja, maziwa mamoja, tabia mbali kabisa. Ni damu au malezi?

#1 MamaKulwa (Jumapili, saa 2:10 usiku)

Habari za jioni wakuu. Niko Tanga mjini, Ngamiani. Nina mapacha wa kike, wametimiza miezi 8 wiki iliyopita.

Kulwa akilia, mtaa mzima unajua. Maziwa yakichelewa anajipinda kama upinde na kurusha mikono, na akiona sura ngeni ananing'ang'ania shingoni mpaka kucha zinaacha alama. Doto kimya. Namlaza kwenye mkeka asubuhi, nafua beseni mbili za nguo, narudi yuko vilevile, anatazama vidole vyake. Wageni wakija wanapokezana naye, huyu akichoka anampa yule, mtoto hana neno.

Tumbo moja, siku moja, wamepishana dakika 20. Wote wananyonya kwangu, wanalala chandarua kimoja. Mama mkwe anasema Kulwa kafuata kwa wajomba zake, yaani kwetu, watu wa hasira. Mama yangu anasema nimemdekeza mwenyewe, kila akifungua mdomo namnyanyua. Mume wangu anasema niache kuwaza.

Naomba wenye ujuzi mniambie: tabia ya mtoto mchanga inatoka kwenye damu au kwenye malezi? Na kama ni malezi, kwa Kulwa nimekosea wapi? Maana usiku nalia na mimi.

#2 KijanaWaPongwe

Damu hiyo, dada. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Ukoo wenu una hasira, mtoto kachukua, yameisha.

#3 BintRaskazone

#2 Umeambiwa mtoto wa miezi 8 analia, wewe unamwita nyoka. "Samaki mkunje angali mbichi" nayo waliisema wazee haohao, kwa hiyo methali haziwezi kulimaliza hili. MamaKulwa, pole na hongera. Kulea mapacha si kazi ndogo.

#4 MzeeWaBarabaraYaNane

Hili la wajomba lina asili yake. Sisi Wadigo zamani kijana alirithi kwa mjomba wake, si kwa baba. Minazi, mifugo, hata heshima ya ukoo, vilipitia upande wa mama. Basi mtoto akiwa mkorofi au akiwa hodari, macho ya watu yanakwenda kwa wajomba kwanza. Ni habari ya mirathi ambayo watu wameigeuza ikawa habari ya damu. Mwanangu MamaKulwa, mama mkwe ni mtu wa wapi?

#5 MamaKulwa

Shikamoo mzee. Ni Msukuma wa Kahama, mume wangu bandari ndiyo iliyomleta Tanga. Ndiyo maana wakaitwa Kulwa na Doto. Mimi baba Mbondei, mama Mdigo.

#6 MwanafunziWaBaiolojia

Mtoto anachukua nusu ya jeni, yaani chembe za urithi, kwa baba na nusu kwa mama, kwa hiyo na mama mkwe yumo humo kwa Kulwa, hawezi kujitoa.

Ila swali la kwanza ni hili: ni pacha wa yai moja au wa mayai mawili? Wa yai moja wana jeni zilezile, karibu zote. Wa mayai mawili wanashirikiana kama nusu tu, sawa na ndugu waliopishana miaka. Watafiti hulinganisha makundi haya mawili: pale ambapo wa yai moja wanafanana kuliko wa mayai mawili, wanahisi jeni ina mkono hapo. Mwaka 2015 zilikusanywa pamoja tafiti za mapacha za miaka 50, jozi zaidi ya milioni 14, sifa zaidi ya 17,000, kuanzia urefu mpaka hofu. Kwa wastani, asilimia 49 ya tofauti baina ya watu zilielezeka kwa jeni.

#7 KijanaWaPongwe

Si ndicho nilichosema? Nusu ni damu, na mtaalamu kathibitisha.

#8 MwanafunziWaBaiolojia

#7 Hapana kaka, hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Asilimia 49 ni ya tofauti baina ya watu wengi waliochunguzwa. Haina maana kwamba nusu ya Kulwa ni jeni na nusu ni malezi. Ngoma ikilia, huwezi kusema nusu ya mlio ni ya ngozi na nusu ni ya mkono. Lakini ukizipanga ngoma kumi na mpigaji akawa mmoja, tofauti za milio zitatoka kwenye ngozi. Ukichukua ngoma moja ukaleta wapigaji kumi, tofauti zitatoka kwenye mikono. Ngoma haijabadilika. Umebadilisha unacholinganisha.

Ndiyo maana namba hiyo haihami kirahisi kutoka nchi moja kwenda nyingine. Mapacha wengi kwenye tafiti hizo ni wa Ulaya na Marekani, ambako watoto wengi wanashiba na malaria haipo. Tanga mazingira yanapishana sana toka nyumba hadi nyumba.

#9 MamaKulwa

Asante mdogo wangu. Walionizalisha waliniambia makondo ya nyuma yalikuwa mawili, kwa hiyo nadhani ni wa mayai mawili. Lakini sura zao, hata baba yao huwachanganya.

#10 MkungaMstaafu

Nimezalisha miaka 31, Muheza na hapa mjini. Makondo mawili hayatoshi kukuambia. Mapacha wa mayai mawili kila mmoja ana kondo lake, hilo kweli. Lakini hata wa yai moja, kama theluthi yao hutoka kila mmoja na kondo lake, kwa sababu yai liligawanyika mapema mno. Wakiwa na kundi la damu tofauti, basi si wa yai moja. Wakiwa na kundi moja, bado hujajua, mpaka kipimo cha vinasaba (DNA).

Mwanangu, mimi nina maswali mengine. Walizaliwa kilo ngapi kila mmoja? Doto anakaa mwenyewe? Ukimwita kwa nyuma bila yeye kukuona, anageuka?

#11 BabaNjiti

Nimesoma #10 nikakumbuka yetu. Mwanangu alizaliwa wiki ya 30, kilo 1.3. Kituo cha kwanza walimtenga na mama yake siku nne, tunamwona kupitia kioo. Tulipohamishiwa kwingine, muuguzi wa zamu alimfunga mtoto kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kanga juu. Usiku uleule ile pumzi ya kukatika katika ikatulia. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo: watoto wa kilo 1 mpaka chini kidogo ya 1.8, waliofungwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa bila kusubiri wapate nafuu kwanza, vifo vyao vilipungua kwa robo.

Sasa ana miaka 4. Pikipiki ikipita anaziba masikio na kujificha chini ya meza. Dada yake aliyetimiza miezi alikuwa hashtuki hata kwa radi. Je, ni zile siku nne za kioo? Ni kuzaliwa kabla ya wakati? Au ni mimi, maana mama anasema nilikuwa hivyohivyo nikiwa mdogo? Nimejiuliza miaka minne.

#12 MwalimuChekechea

Pole sana baba. Kwenye darasa langu wapo wawili wa aina hiyo, mmoja njiti, mwingine alizaliwa na kilo 4. Kwa hiyo siwezi kukuambia ni unjiti.

#13 MamaKulwa

Shikamoo mama mkunga. Kulwa kilo 2.7, Doto kilo 2.1. Kulwa anakaa tangu miezi 6. Doto nikimkalisha anakaa kidogo halafu anaegemea, sikumlazimisha. Kugeuka, nadhani anageuka, sijawahi kumwangalia kwa makusudi. Kwa nini unauliza Doto? Mwenye shida ni Kulwa.

#14 MkungaMstaafu

Marahaba. Kwa sababu mtoto anayelia anajitetea mwenyewe. Yule aliye kimya, lazima mtu mzima amtetee.

Sisemi ana ugonjwa. Nasema watoto watulivu nimewaona wa aina mbili: aliyeumbwa mtulivu, anakutazama usoni, unamchekea anacheka, ukimpa kijiko anakiramba na kukigonga chini; na mtulivu ambaye hana nguvu za kulia, au hasikii vizuri, au damu ni chache. Ukiwatazama mlangoni wanafanana. Kesho, Doto akiwa amekaa na mtu mbele yake, simama nyuma hatua mbili, utikise kopo lenye punje za mahindi upande mmoja. Asikuone wala asiuone mkono. Kisha upande wa pili.

#15 KijanaWaPongwe

Mama mkunga shikamoo. Lakini mtoto mtulivu leo ndiyo mnamtafutia ugonjwa? Alikuwepo mwanasaikolojia Mmarekani, Jerome Kagan, aliwapima watoto wa miezi 4, akawaonyesha vitu vinavyoning'inia, akawasikilizisha sauti, akawanusisha harufu. Kama asilimia 20 walirusha miguu na kulia kama Kulwa, kama asilimia 40 walitulia kama Doto. Akawafuatilia miaka. Wale wa kurusha miguu wengi walikuwa waangalifu, wenye haya. Hiyo ni hulka ya kuzaliwa.

#16 BintRaskazone

Kumbe unasoma, ukaanza na nyoka!

Lakini malizia habari yake. Kagan huyohuyo alisema waliokua waoga kupindukia walikuwa wachache katika kundi lile. Wengi walijongea katikati. Hulka ilizuia kitu kimoja zaidi: si rahisi mtoto wa aina ile awe mtu asiyejali kabisa. Na miezi 4 si siku ya kwanza. Mtoto wa miezi 4 ana miezi 13 ya mazingira, 9 tumboni na 4 nje.

Hata kilio chenyewe. Mwaka 2009 walirekodi watoto 60 wa siku mbili hadi tano, nusu Wafaransa nusu Wajerumani. Vilio vya Kifaransa vilipanda mwishoni, vya Kijerumani vilishuka, kama zinavyopanda na kushuka lugha zenyewe. Sauti ya mama wameisikia tumboni miezi mitatu ya mwisho.

#17 MzeeWaBarabaraYaNane

Basi Kulwa analia Kidigo.

#18 JiraniWaKilifi

Habari zenu ndugu wa Tanga. Kuhusu kukaa na kutembea, hapo kuna kisa cha kwetu Kenya. Miaka ya 1950 daktari mmoja wa Kifaransa, Marcelle Geber, aliwapima watoto Kampala, akasema watoto wa Kiafrika wanatangulia wa Ulaya. Watu wakaanza kusema ni damu, Mwafrika ameumbwa hivyo. Mwaka 1976 Charles Super akachapisha aliyoyaona kwa Wakipsigis. Watoto walikaa na kutembea kama mwezi mmoja kabla ya wa Marekani. Lakini kutambaa na kugeuka tumbo hawakutangulia! Kama ni damu, mbona ichague? Kumbe wazazi walikuwa wanamfundisha mtoto kukaa na kutembea, kwa zoezi maalumu, na lugha yao ina maneno ya mazoezi hayo. Kutambaa hawakumfundisha mtu.

Kwetu Pwani bibi alikuwa anamweka mtoto ndani ya beseni, mito na makanga kila upande, anakaa kama sultani. Nyinyi je?

#19 BintRaskazone

Sisi karai. Na wa nyumba ya pili alichimbiwa kishimo kwenye mchanga, Raskazone pale pwani.

#20 MamaKulwa

Kulwa ndiye aliyekalishwa kwenye beseni, maana alikuwa hatulii chini. Doto nilimwacha alale kwa sababu hasumbui. Jamani. Sikuwahi kuliona hivyo mpaka leo.

#21 MwanafunziWaBaiolojia

#20 Dada, usijilaumu, ila umetaja jambo kubwa. Mnasema mmewalea sawasawa, lakini mtoto mwenyewe anavuta malezi yake. Anayelia ananyanyuliwa, anasemeshwa, anabebwa mpaka dukani. Aliye kimya anabaki mkekani. Tofauti ndogo ya kuzaliwa inavuta mazingira tofauti, na mazingira yale yanaikuza tofauti. Baada ya miezi 8 nani atatenganisha?

Ubongo wa mtoto unazaliwa na uzito kama robo ya ule wa mtu mzima, na akifika miaka 2 umekaribia robo tatu au zaidi. Chembe nyingi za neva zimeshapatikana kabla hajazaliwa. Kinachoongezeka ni viungio kati yake. Viungio vinaota vingi kuliko vinavyohitajika, kisha visivyotumika vinapogolewa. Jeni zinaweka ramani ya jumla, matumizi yanaamua kipi kibaki.

#22 MwalimuChekechea

Kwa anayesema malezi si kitu, asome ya Romania. Serikali ya Ceaușescu ilipoanguka 1989 dunia iliona nyumba za watoto, vitanda vya chuma, mtoto analishwa na kubadilishwa kwa saa bila mtu kumsemesha. Tangu 2000 watafiti walichukua watoto 136 Bucharest, wakawagawa kwa kura ya bahati: nusu waende kwa familia za kuwalea, nusu wabaki. Waliokwenda kwa familia akili zao na hata umeme wa ubongo uliopimwa kichwani vilikuwa bora, na walionyanyuliwa kabla ya miaka 2 walinufaika zaidi katika mambo mengi. Kura haijui jeni ya mtu.

#23 KijanaWaPongwe

Lakini mwalimu, Romania ni njaa ya mapenzi. Ngamiani kuna mama, bibi wawili, shangazi, majirani. Mmea ukiunyima maji unakufa, sawa. Ukishaumwagilia ya kutosha, ndoo ya ziada inafanya nini? Nasema kwenye nyumba ya kawaida, yenye chakula na watu, tofauti inayobaki kubwa ni ya kuzaliwa. Hilo hamjalijibu.

#24 MwalimuChekechea

Ni swali la haki. Jibu langu ni Jamaica. Watoto 129 waliodumaa, Kingston. Wengine walipata mgeni kila wiki kwa miaka 2, anamwonyesha mama jinsi ya kucheza na mtoto kwa vitu vya nyumbani, makopo na vitambaa. Miaka 20 baadaye waliotembelewa walikuwa na kipato kinachozidi cha wenzao kwa asilimia 25. Wale hawakuwa kwenye nyumba za yatima. Walikuwa na mama zao, maskini kama sisi. Na Tanzania, kwa takwimu za 2022, watoto 30 katika 100 wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Kwa hiyo "nyumba ya kawaida" yako, kaka, tuipime kwanza.

#25 KijanaWaPongwe

Waliodumaa, umesema mwenyewe. Mama Kulwa hajasema wake wamedumaa.

#26 MwanafunziWaBaiolojia

Kuna njia ya tatu. Montreal, Michael Meaney na wenzake waliwatazama panya. Panya mama wengine wanawalamba watoto sana, wengine kidogo. Waliolambwa sana walikua watulivu mbele ya mshtuko. Mngesema ni jeni ya mama, lakini walibadilisha watoto, wa huyu akalelewa na yule, na mtoto akafuata aliyemlea. Mwaka 2004 walionyesha kwamba kulambwa kulibadilisha alama za kikemia juu ya jeni moja inayohusika na kutuliza homoni za mshtuko. Jeni ileile, ila imefunguliwa au imebanwa.

#27 MzeeWaBarabaraYaNane

Kijana, panya ni panya. Mimi nina wajukuu 14 na sijamlamba hata mmoja.

#28 MwanafunziWaBaiolojia

Mzee umenishinda. Kweli, kwa binadamu ushahidi ni mgumu zaidi kwa sababu hatuwezi kukata ubongo wa mtoto tuone. Tunaegemea damu na mate, na alama za kwenye damu si lazima ziwe zile za ubongoni. Lakini wapo waliokuwa tumboni wakati wa njaa ya Uholanzi, majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945. Walipopimwa miongo sita baadaye, alama za kikemia juu ya jeni mojawapo ya ukuaji zilitofautiana na za ndugu zao ambao hawakukutwa na njaa ile tumboni.

#29 MpembaHalisi

Assalam aleikum. Nyote mmezunguka dunia, Romania, Uholanzi, na Pemba iko hapo mbele yenu, ukisimama Tanga ni bahari tu katikati.

Pemba walitafiti watoto 614 wa miezi 6 hadi miaka 5, matokeo yakatoka 2001. Waliopewa madini ya chuma lugha yao ilisonga mbele, na wale waliokuwa na damu chache sana hata kutembea kuliboreka. Upungufu wa chuma unagusa ubongo moja kwa moja, maana chuma kinahitajika kutengeneza ule utando wa mafuta unaozunguka neva. Na mtoto mwenye upungufu anavyoonekana ni hivi: hachezi sana, hachunguzi vitu, anakaa anapowekwa. MamaKulwa, soma mstari huo mara mbili.

Ila sikiliza na upande wa pili, usiende duka la dawa kununua mwenyewe. Mwaka 2006 yakatoka matokeo mengine ya Pemba hiyohiyo, maelfu ya watoto wadogo waliopewa chuma na asidi ya foliki kila siku bila kupimwa kwanza. Kulazwa na vifo viliongezeka kwa asilimia 12, kwa sababu palikuwa na malaria kali. Kwenye kundi dogo lililopimwa damu, waliokuwa na upungufu kweli ndio walionufaika. Dawa moja, kisiwa kimoja, huyu imemjenga, yule imemdhuru.

#30 MkungaMstaafu

Waaleikum salaam. #29 Umeniwahi. Pacha mdogo wa kilo 2.1 anazaliwa na akiba ndogo ya chuma, na akiba ile hufika ukingoni karibu miezi 6, kwa njiti mapema zaidi. Maziwa ya mama yana chuma kidogo ingawa kinafyonzwa vizuri. Kama kitovu kilikatwa haraka, akiba inapungua tena. Siku hizi tunasubiri dakika 1 hadi 3. MamaKulwa, wanakula nini?

#31 MamaKulwa

Uji wa mahindi na sukari, ndizi ya kuponda. Bibi yao anawapa chai ya rangi kidogo jioni. Kulwa anadokoa dagaa wa baba yake, Doto hataki.

#32 MkungaMstaafu

Chai acha kabisa, inazuia chuma kisifyonzwe. Dagaa watwange uchanganye kwenye uji, maini yaliyoiva vizuri, mchicha pamoja na embe au chungwa. Na kesho kliniki, Doto apimwe damu na malaria pia, ukiwa na kadi zao mbili.

#33 MkingaChumvi

Mimi nachemsha chumvi huku Mkinga. Nataka kuuliza: madini joto yana kazi kwenye ubongo wa mtoto au ni ya rovu tu?

#34 MwanafunziWaBaiolojia

Yana kazi kubwa, ndugu. Tezi ya shingo haitengenezi homoni yake bila madini joto, na ubongo wa mimba unategemea homoni hiyo. Upungufu mkali unaleta ulemavu wa akili, hilo halina mjadala. Kwenye upungufu wa kadiri ndipo pana mvutano. Utafiti wa 2009 ulitumia vidonge vya madini joto vilivyogawiwa Tanzania, ukasema waliokingwa tumboni walisoma zaidi kwa theluthi moja mpaka nusu ya mwaka, wasichana hasa. Wengine wakarudia hesabu kwa takwimu nyingi zaidi, hawakuiona faida hiyo. Lakini chumvi yako itie madini joto.

#35 BintRaskazone

Na wanja? Nimeona watoto wengi Tanga wamepakwa wanja wa manga mpaka kwenye nyusi. Wanja wa aina ile mara nyingi ni jiwe lenye madini ya risasi lililosagwa. Mtoto anajipangusa, anaramba mkono. Risasi inaharibu ubongo unaokua na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama.

#36 MzeeWaBarabaraYaNane

Hili limenigusa. Wajukuu wangu wote tuliwapaka, kwa kuwakinga na jicho. Nitasema nyumbani.

#37 BabaNjiti

Turudi kidogo kwenye jeni. Kuna jeni inayogeuka kulingana na mahali?

#38 MkungaMstaafu

Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwenye chembe moja tu ya urithi ile anakingwa na malaria kali, Anthony Allison aliandika hilo 1954 kutokana na utafiti wake Afrika Mashariki. Mwenye mbili anaumwa maisha yake, na wengine hupata kiharusi wakiwa wadogo. Mbu akiondoka, kinga ile haina kazi tena, ugonjwa unabaki. Muheza niliwaona wa aina zote mbili kwenye benchi moja.

#39 MamaKulwa (Jumatano, saa 10 jioni)

Nimerudi. Kopo la mahindi: Doto aligeuka kulia na kushoto, mara tatu. Nilikaa chini nikashukuru.

Kliniki, malaria hakuna. Damu ya Kulwa 10.9. Ya Doto 8.2. Nesi alimvuta kope la chini akanionyesha, jeupe kama karatasi. Miezi yote hii nilikuwa namtazama yule mwingine. Amepewa sirapu ya kuongeza damu, nirudi baada ya mwezi. Wanja nimetupa.

#40 MpembaHalisi

Alhamdulillahi. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke.

#41 MwalimuChekechea

Mkalishe na kwenye beseni, msemeshe kama unavyomsemesha Kulwa. Usimsubiri aombe.

#42 KijanaWaPongwe

Dada, nakuomba radhi kwa lile neno la kwanza. Lakini nitauliza, na nauliza kwa moyo safi: utulivu wote wa Doto ni damu chache? Akipona atakuwa Kulwa wa pili?

#43 MkungaMstaafu

Sijui, mwanangu. Nimeona waliopona wakachangamka. Nimeona waliopona wakabaki wapole. Costa Rica waliwafuatilia watoto waliokosa chuma uchangani, wakatibiwa, na bado kundi lile lilionekana nyuma ya wenzao mpaka ujanani. Lakini wengi wao walitoka pia nyumba zenye dhiki, kwa hiyo chuma na dhiki vimeshikana.

#44 MamaKulwa (wiki tano baadaye)

Wakuu nimewaahidi nitarudi. Damu ya Doto sasa 10.4. Anakaa bila kuegemea. Juzi alimnyang'anya Kulwa kijiko, Kulwa akapiga kelele, Doto akamtazama, akaficha kijiko nyuma ya mgongo wake. Mgeni akimbeba sasa anageuza shingo kunitafuta, ila halii. Kulwa ni yuleyule, barabara nzima inamjua. Mama mkwe anasema Doto naye ameanza kufuata kwa wajomba.

#45 BabaNjiti

Na kundi lao la damu?

#46 MamaKulwa

Wote O. Mama mkunga alisema hilo halitoshi.

#47 KijanaWaPongwe

Basi Doto mwenyewe hasa ni yupi, wa mkekani au huyu wa kijiko?

#48 MamaKulwa

Kaka, hata mimi namtazama nikijiuliza. Sasa hivi yuko chini ya meza anavuta kitambaa chenye birika la chai juu yake, ngoja nikamtoe.